Wanaume wapimwe sukari na presha wakiwa kwenye kiti cha meno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo nimekuwa nalo moyoni kwa miaka yote niliyofanya kazi ya utabibu wa kinywa na meno katika hospitali za wilaya, na ambalo hata baada ya kustaafu sijaona likipewa uzito unaostahili. Nazungumzia ugonjwa wa fizi kwa wanaume watu wazima, na namna unavyofungamana na kisukari, presha, moyo na hata nguvu za kiume. Kila tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tunawaona watoto wa shule za msingi wakifundishwa kupiga mswaki na kugawiwa dawa ya meno, nalo ni jambo jema ambalo nisingependa lipunguzwe hata kidogo. Kila tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, wananchi huelezwa habari za macho, figo na vidonda vya miguu. Baba wa miaka 45 ambaye fizi zake hutoka damu kila asubuhi hatajwi katika siku ya kwanza wala ya pili, na mara nyingi yeye mwenyewe haoni kwamba kuna la kutajwa.

Ninachokiomba ni kwamba chumba cha meno na kliniki ya kisukari na presha viache kufanya kazi kama majirani wasiosalimiana. Mwanamume anayekuja kung'olewa jino apimwe presha na sukari kabla hajachomwa sindano ya ganzi, na anayehudhuria kliniki ya kisukari au ya presha aombwe kufungua kinywa ili fizi zake zitazamwe. Sababu zangu zinahitaji maelezo kidogo ya ugonjwa wenyewe, na ninamwomba msomaji anivumilie.

Kati ya jino na ufizi kuna upenyo mwembamba ambao kwa mtu mwenye afya hauzidi milimita 3 kwenda chini. Juu ya jino hujengeka utando laini uliojaa bakteria, na utando huo usipoondolewa, ndani ya siku chache huanza kushika madini yaliyomo katika mate hadi kuwa ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi tena kuubandua. Fizi huupokea uchafu huo kwa mchochota: huvimba, hubadilika rangi, na hutoka damu zinapoguswa. Wengi wetu fizi zetu zina weusi wa asili, kwa hiyo wekundu unaosimuliwa vitabuni hauonekani kwa urahisi, na damu inayobaki kwenye mswaki au kwenye mate ya asubuhi ndiyo dalili ya kuiamini. Hatua hii bado hurudi nyuma kabisa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Wote walipata mchochota wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na waliporudia usafi, fizi zilipona katika muda wa takribani wiki moja.

Hatua inayofuata hairudi. Mchochota ukidumu kwa mtu ambaye mwili wake uko tayari kuharibika, ufizi huachana na jino, upenyo hugeuka kuwa mfuko wa milimita 4, 5, 6 na zaidi, na mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa polepole. Ukoga hushuka ndani ya mfuko huo, mahali ambapo mwenyewe hawezi kuuona wala kuufikia. Meno huonekana kurefuka kwa sababu fizi zimeshuka, yale ya mbele huanza kuachana, harufu ya kinywa hubadilika, na siku moja gego linatikisika mtu anapotafuna nyama. Mfupa uliopotea kwa njia hiyo haujirudishi. Tiba inaweza kuuzuia ugonjwa usiendelee, na meno mengi yakaokolewa, lakini yaliyokwisha kuliwa yamekwenda.

Kinachowaponza wanaume ni kwamba katika muda wote huo hakuna maumivu ya kumkosesha mtu usingizi. Jino lililotoboka huuma na humpeleka mtu hospitali akitaka asitake. Fizi hazifanyi hivyo, na wanaume wengi niliowahudumia walilelewa kuamini kwamba kisichouma si ugonjwa. Wengine waliambiwa mtaani kuwa damu hiyo ni kiseyeye, wakaongeza machungwa na vidonge vya vitamini C, wakaridhika. Kiseyeye cha upungufu wa vitamini C kipo, ila kwa mtu anayekula matunda na mboga za majani kama tunavyokula sisi, damu ya fizi mara nyingi mno hutokana na utando na ukoga, na chungwa haliondoi ukoga. Wapo pia wanaokimbilia duka la dawa na kununua amoksilini na metronidazo kila fizi zinapovimba; uvimbe hupungua kwa siku kadhaa, ukoga unabaki palepale, na ugonjwa unaendelea chini ya ufizi uliotulia kwa juu.

Nisingependa nieleweke kwamba kila mwenye fizi zinazotoka damu atapoteza meno. Mwaka 1970 Löe huyohuyo na wenzake walianza kuwafuatilia wanaume 480 waliokuwa vibarua katika mashamba ya chai nchini Sri Lanka, ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala hawakupata huduma yoyote ya meno. Baada ya miaka 15, kati ya wanaume hao ambao uchafu wa vinywa vyao ulikuwa karibu sawa, asilimia 8 waliharibika fizi kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuvuka ule mchochota wa mwanzo. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha mwaka 1988 utafiti wa watu wazima wa Machakos, Kenya, ambao ukoga na damu ya fizi vilikutwa karibu kila mahali, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umejikusanya kwa sehemu ndogo ya watu. Matokeo haya yana maana kubwa kwa nchi yenye matabibu wachache wa meno. Bakteria huanzisha ugonjwa, lakini mwili wa mtu na maisha yake ndiyo huamua utafika wapi. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kuwatambua wale wachache ambao kwao fizi zitaharibika vibaya.

Nao tunawajua kwa sehemu kubwa. Ni wavutaji wa sigara, ni wenye kisukari kisichodhibitiwa, ni wenye kinga iliyoshuka, ni wale ambao baba au mama zao walipoteza meno mapema, na kwa ujumla ni wanaume kuliko wanawake. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Marekani, ambako vinywa vya raia vimepimwa kwa uangalifu mkubwa, uchunguzi wa kitaifa wa miaka ya 2009 na 2010 ulionyesha kuwa kati ya watu wenye umri wa miaka 30 na kuendelea, asilimia 56 ya wanaume walikuwa na ugonjwa wa fizi uliofikia mfupa, dhidi ya asilimia 38 ya wanawake. Tofauti hiyo inatokana na mengi: wanaume husafisha meno kwa uangalifu mdogo, huchelewa kwenda hospitali, na huvuta zaidi. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika Tanzania mwaka 2018 ulikuta asilimia 14.6 ya wanaume wakitumia tumbaku, wakati wanawake walikuwa asilimia 3.2.

Juu ya sigara kuna jambo ambalo nimelirudia kwa wagonjwa wangu mara nyingi na bado naona halijulikani. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi za mvutaji hutoka damu kidogo au hazitoki kabisa hata pale ambapo mfupa umekwisha kuliwa nusu. Mvutaji hujitazama kwenye kioo, akaona fizi zimekaza na hazina damu, akajihesabu mzima. Nimewahi kuwaona madereva na mafundi wa miaka 40 hivi, wanaume wenye nguvu zao, wakija kwa jino moja lililolegea, na nikipima fizi nakuta karibu kila jino lina mfuko wa milimita 6 au 7. Kwa mvutaji, kutokuwapo kwa damu kusichukuliwe kuwa dalili ya afya. Fizi zipimwe kwa kifaa. Ugoro na tumbaku ya kutafuna navyo vina madhara yao: mahali vinapowekwa ufizi hushuka na kuacha mzizi wa jino wazi, na utando wa kinywa hubadilika kwa namna inayoweza kuelekea saratani.

Sasa nije kwenye mwili mzima. Wataalamu walipokadiria ukubwa wa eneo la ndani ya mifuko ya fizi kwa mtu mwenye ugonjwa ulioenea kinywani, walipata eneo la sentimita za mraba 8 hadi 20. Mwanamume akiwa na kidonda cha ukubwa huo mguuni, kinachotoa damu na usaha kila siku kwa miaka 10, mke wake na ndugu zake wasingemwacha nyumbani; kwa kuwa kipo kinywani na kimejificha kati ya ufizi na jino, anaachwa nacho. Kila anapotafuna na kila anapopiga mswaki, bakteria huingia katika damu. Ini nalo, likihisi kwamba mwili una vita isiyoisha, huongeza protini za mchochota ambazo hupimwa maabara, na hali hiyo ya mwili kuwa katika mapambano ya kudumu ndiyo inayodhaniwa kuchangia madhara ya mbali na kinywa.

Kati ya uhusiano wote unaozungumzwa, ule wa kisukari ndio uliothibitika vizuri zaidi, na ndio unaopaswa kutuhangaisha sisi tunaoishi huku. Ni uhusiano wa pande mbili. Sukari ikikaa juu, mishipa midogo ya fizi huharibika, chembe za kinga hupoteza uwezo wake, vidonda hupona polepole, na hatari ya kupata ugonjwa mkali wa fizi huongezeka takribani mara tatu. Kwa upande mwingine, mchochota wa fizi huufanya mwili uipinge insulini, na sukari inakuwa ngumu kushuka hata mgonjwa anapomeza dawa zake sawasawa. Mwaka 1993 Löe aliandika kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa dhara la sita la kisukari, ukifuatana na yale ya macho, figo, neva na mishipa ya damu ambayo kila muuguzi wa kliniki anayajua. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na kikundi cha Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hushuka kwa takribani nukta 0.4 za asilimia katika miezi mitatu hadi minne. Msomaji anaweza kuona ni kidogo. Daktari wa kisukari anajua kwamba kiasi hicho kinakaribia kile ambacho mara nyingine hutafutwa kwa kuongeza dawa ya pili, na hapa kimepatikana kwa kukwangua ukoga na kumfundisha mtu kusafisha meno yake.

Kuhusu moyo inabidi tuseme kwa uangalifu, kwa sababu ahadi zisizo na msingi huwakatisha watu tamaa baadaye. Tangu mwaka 1989, Kimmo Mattila na wenzake wa Finland walipochapisha kwamba waliopatwa na shambulio la moyo walikuwa na hali mbaya zaidi ya vinywa kuliko wenzao, tafiti nyingi zimeona mambo hayo mawili yakitembea pamoja. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia ushahidi wote na kusema kwamba uhusiano upo hata baada ya kuondoa mchango wa sigara na sababu nyingine zinazojulikana, lakini haikuwa imethibitika kwamba ugonjwa wa fizi ndio unaosababisha ugonjwa wa moyo, wala kwamba kutibu fizi kunazuia shambulio la moyo. Hilo ndilo linalopaswa kuelezwa kwa wananchi. Pamoja na hayo, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Maurizio Tonetti na wenzake, kwa wagonjwa 120 wenye ugonjwa mkali wa fizi, ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa ukamilifu walikuwa na mishipa ya damu inayotanuka vizuri zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mishipa inayotanuka vizuri ni afya, hata kabla hatujaulizana juu ya shambulio la moyo.

Hapo ndipo linapoingia suala ambalo wanaume hulizungumza kwa sauti ya chini, na ambalo limegeuzwa kuwa biashara kwenye kuta za miji yetu, ambako matangazo ya dawa za kuongeza nguvu za kiume yamebandikwa kila nguzo. Uume husimama kwa sababu mishipa yake hutanuka na kujaa damu. Mishipa hiyo ina upana wa milimita 1 hadi 2, wakati ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4, kwa hiyo ugonjwa wa mishipa unaoenea mwilini unaweza kujionyesha chumbani miaka kadhaa kabla ya kujionyesha moyoni. Watafiti wa Uturuki walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa wanaume wa miaka 30 hadi 40. Kati ya wenye tatizo la nguvu za kiume, asilimia 53 walikuwa na ugonjwa mkali wa fizi, dhidi ya asilimia 23 ya wasio na tatizo hilo. Sisemi kwamba kusafisha meno ni dawa ya nguvu za kiume, na yeyote atakayeliuza wazo hilo asiaminiwe. Ninachosema ni kwamba mwanamume mwenye matatizo hayo mawili kwa pamoja anahitaji kupimwa sukari, presha na mafuta ya damu mapema, badala ya kupeleka fedha zake kwa muuza mitishamba ambaye hatamuuliza hata kama anavuta sigara.

Kuhusu saratani nitasema kwa kifupi. Utafiti wa Marekani uliowahusisha zaidi ya wanaume 48,000, wote wakiwa wataalamu wa fani za afya, na uliochapishwa na Dominique Michaud na wenzake mwaka 2008, ulikuta kwamba waliowahi kuwa na ugonjwa wa fizi walikuwa na ongezeko la asilimia 14 la hatari ya saratani kwa jumla. Ni ongezeko dogo, na sigara ina mkono mkubwa katika habari hiyo. Simshauri mtu apoteze usingizi kwa ajili yake.

Nirudi kwenye kiti cha meno. Mwanamke wa Tanzania, kwa sababu ya ujauzito na malezi, hupitia kliniki ya mama na mtoto, ambako hupimwa uzito, presha na wingi wa damu hata kama hajisikii mgonjwa. Mwanamume hana mlango wa namna hiyo. Kati ya siku anapomaliza shule na siku anapoanguka kwa kiharusi anaweza kukaa miaka 30 bila mtu yeyote kumfunga mkanda wa presha mkononi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta presha kwa takribani watu 26 kati ya kila 100 na kisukari kwa takribani watu 9 kati ya kila 100, na wengi wao walikuwa hawajui hali zao. Lakini jino linapouma, mwanamume huyo anakuja. Anakuja asubuhi na mapema, ameshika shavu, hajalala usiku kucha, na kwa nusu saa amekaa kwenye kiti chetu bila pa kwenda. Nafasi hiyo tunaipoteza kila siku.

Kumpima kabla ya kung'oa jino ni sehemu ya kazi yetu wenyewe, wala hatungekuwa tunabeba kazi ya idara nyingine. Dawa ya ganzi tunayoitumia mara nyingi imechanganywa na adrenalini, mwenye presha ya juu sana anaweza kuvuja damu kwa muda mrefu baada ya jino kutoka, na mwenye sukari ya juu kidonda chake kinaweza kuingia vijidudu na kukataa kufunga. Hata hivyo, katika vituo nilivyofanyia kazi nimeona jinsi msongamano unavyotufanya tuulize kwa mdomo tu, «Una presha? Una sukari?», na mtu ambaye hajawahi kupimwa anajibu hana, kwa moyo mweupe. Jibu hilo huandikwa kwenye faili kama ukweli. Mashine ya presha na kile kifaa kidogo cha kupima sukari kwa tone la damu vipo katika hospitali zetu. Ni suala la kuvifikisha katika chumba cha meno na kuamua kwamba bila namba hizo mbili hakuna sindano, isipokuwa kwa dharura.

Upande wa kliniki ya kisukari na presha nako hakuhitajiki daktari wa meno. Muuguzi anaweza kuuliza maswali machache: fizi zinatoka damu, kuna jino linalotikisika, unavuta sigara, mara ya mwisho kusafishwa meno hospitali ilikuwa lini. Halafu amwangalie mgonjwa kinywani kwa tochi kama anavyomwangalia miguu. Kwa wagonjwa wa presha kuna sababu ya ziada, kwani dawa za nifedipini na amlodipini, ambazo hutumika sana, kwa baadhi ya watu hufanya fizi zikue na kufunika meno, hasa pale usafi unapokuwa hafifu. Mgonjwa wa namna hiyo asiache dawa kwa uamuzi wake; amwone daktari, kwa sababu meno yanaweza kusafishwa na dawa ikabadilishwa ikibidi.

Najua kuna woga wa kusafishwa meno, na woga huo una chanzo cha kweli. Ukoga ukiwa mwingi hushikamanisha meno yaliyokwisha kulegea, na ukiondolewa, mgonjwa huona meno yametikisika zaidi, nafasi zimeonekana, na maji ya baridi yanamchoma kwa siku kadhaa. Anarudi mtaani na kusema tabibu amemharibu meno, na majirani watano hawaji tena. Kosa hapo ni letu matabibu, kwa kuwa tunakwangua bila kueleza kabla. Mgonjwa akiambiwa mapema kwamba mfupa ulikwisha kuondoka zamani na ukoga ulikuwa unaficha hasara, anavumilia, na wengi wao baada ya wiki chache hushangaa kuona fizi zimekaza na harufu imeondoka.

Nyumbani mambo si mageni. Mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, usiku ukiwa muhimu kuliko asubuhi, bristo zikielekezwa pale jino linapokutana na ufizi na si kwenye uso wa jino peke yake. Mswaki wa mti, ambao wazee wa pwani wameutumia vizazi kwa vizazi na ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1987, unafaa kabisa kwa anayejua kuutumia na kufika hadi nyuma ya magego. Mkaa na majivu viachwe, maana vinakwaruza meno na fizi. Kati ya jino na jino ndiko ugonjwa unakoanzia, na huko mswaki haufiki. Uzi wa meno au vile vibrashi vyembamba vinahitajika, navyo havipatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa, jambo ambalo wafanyabiashara wa dawa wangeweza kulitazama.

Kwa Wizara ya Afya na wale wanaopanga kitita cha mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ninaomba usafishaji wa fizi kwa mgonjwa wa kisukari uhesabiwe kuwa sehemu ya matibabu ya kisukari chake, usiwekwe katika fungu la urembo wa meno. Kung'oa jino ni rahisi, na kwa miaka mingi ndiyo huduma iliyotawala katika vyumba vyetu vya meno. Lakini mwanamume aliyeng'olewa magego yote kwa ugonjwa wa fizi anaondoka na kisukari chake kilekile ambacho hakuna aliyekiuliza, na baada ya miaka michache atakutwa wodini kwa jambo jingine.

Na kwa wenzangu walioko kazini leo, sisubiri waraka uwafikie. Kama chumba chenu hakina mashine ya presha, iazimwe ya wodi ya jirani asubuhi kabla foleni haijaanza, mpimeni kila mwanamume aliyevuka miaka 35 kabla ya kukaa kwenye kiti, na namba iandikwe juu ya faili mahali ambapo daktari atakayemwona baadaye hataikosa.

Wako,
Tabibu mstaafu wa kinywa na meno,
Tanga